Saa Kumi na Tisa

Tangazo nililiandika mimi, kwa vidole hivi,
Jumatatu, theluji ikigonga kioo cha ofisi ya utumishi:
Anatakiwa dereva wa lori la chakula,
Kaunti ya Harlow Fork, Dakota Kaskazini.
Leseni safi. Mgongo imara.
Saa kumi na tisa kwa wiki.

Si ishirini.
Ishirini inaamsha bima ya afya,
na bima, alisema Bwana Gunderholt akifuta miwani kwa tai,
ni mnyama anayekula hata bajeti ikiwa imelala.
Nikafuta ishirini.
Saa ya ukutani inaishia kumi na mbili;
saa kumi na tisa mshale wake hauna pa kusimama,
ila hundi zetu za mshahara zinaijua.

Miezi saba mlango wa ghala ulibandikwa karatasi:
NAFASI IKO WAZI.
Nafasi wazi, ghala limefungwa.
Ndani viazi vilichipua gizani,
vikanyoosha mikono myeupe
kana kwamba vinaomba kuitwa kwenye usaili.
Na barazani, makamishna watano, kahawa, biskuti za tangawizi,
mhasibu akasoma: "Tumeokoa dola elfu kumi na moja."
Watu walipiga makofi.
Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za mkutano.
Sikuuliza zimeokolewa mikononi mwa nani.

Kisha akaja Marvella Stuckey.
Tukamuuliza, kama fomu inavyotaka,
anaweza kubeba kilo ishirini na tano?
"Nilimpandisha mama ngazi miaka miwili," akasema,
"na yeye alikuwa hakai kimya kama gunia."
Tukamwajiri.

Jumanne ukumbi wa zimamoto, Alhamisi kanisa la Voss,
kisha nyumba za mabati nyuma ya kiwanda cha sukari
ambako Zeferino Arriaga humshikia mlango kwa mguu
maana mikono imejaa mtoto.
Mwisho kabisa, barabara ya changarawe, mzee Ansgar Pruitt,
anayetaka maharage ila si yale ya kijani,
anayetaka zaidi mtu wa kumwambia kuhusu yale ya kijani.
Hayo nayo yana muda wake.
Kwa hesabu ya lori, wiki ya Marvella ni saa ishirini na sita.
Kwa hesabu yangu, kumi na tisa.
Saba zilizobaki hazina safu kwenye jedwali.

Machi karani wa dirisha la chakula akashikwa na mafua,
nikatumwa nikakae pale na muhuri.
Foleni ilikuwa ndefu, buti zinavuja maji sakafuni,
na wa tisa, bila koti la kaunti,
alikuwa yeye.

Mwajiri? inauliza fomu.
Akaandika: Kaunti.
Mapato kwa mwezi?
Akaandika tarakimu ninayoijua,
kwa kuwa huiingiza mimi kila tarehe ishirini na nane.
Ilikuwa chini ya mstari. Chini sana.
Mganga hajigangi, nikataka kusema,
nikaona hata methali hapa ni utovu wa adabu.

"Usinitazame hivyo," akasema Marvella.
"Angalau mimi najua viazi vizuri viko sanduku lipi."
Akacheka. Aliyekuwa nyuma yake naye akacheka.
Nikagonga muhuri, wino ukaruka pembeni,
nikagonga tena.

Leo ni tangazo la mwaka mpya wa bajeti.
Maneno ni yale yale: leseni, mgongo.
Nimeandika ishirini.
Imekaa kwenye skrini tangu asubuhi, sijabonyeza kutuma,
na nyayo za Gunderholt nazisikia zikienda na kurudi ukumbini.
Kando ya kikombe changu kuna kiazi kimoja.
Aliniwekea dirishani siku ile, bila neno,
nami sikukila, sikukitupa.
Kimeanza kuchipua.